Faili la stoo limefungwa na "User", na hakuna anayekiri kulifungua

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Niko Mafinga, kwenye yadi ya mbao na vifaa vya ujenzi. Tuna kompyuta nne kwenye swichi moja: kaunta, stoo, ankara na ya mhasibu. Bosi ana laptopu yake. Faili la stoo, Stoo_Mbao.xlsx, liko kwenye folda ya pamoja ndani ya kompyuta ya mhasibu yenye Windows 10 Pro, na sisi wengine tunalifungua kupitia diski Z. Siku hizi kila mara tunaambiwa limefungwa na 'User', na tukiulizana kila mtu anakana. Hali huwa mbaya zaidi asubuhi karakana ya jirani ikianza kuranda, na bosi akiwa Makambako akiingia kwa VPN, ile njia ya kufikia mtandao wa ofisi kupitia intaneti. Kijana wa kaunta akichoka kusubiri huhifadhi nakala kwa jina jingine, kwa hiyo sasa tuna mafaili matatu ya stoo na hayalingani. Fundi mmoja anasema tufute faili linaloanza na ~$, mwingine anasema tuzime kufuli za mtandao zote. Tumsikilize nani?"

Jibu:

Ndugu msomaji, poleni na kazi. Kwa leo msimsikilize yeyote kati ya hao wawili. Jambo la kwanza la kufanya halihusu kufuli hata kidogo: mwambieni kijana wa kaunta aache kuhifadhi nakala zenye majina mapya. Faili likigoma, aandike mauzo kwenye kitabu cha risiti, ataingiza baadaye. Kufuli linawachelewesha tu. Mafaili matatu yasiyolingana yanawapotezea mali, maana kila moja lina salio lake la mbao za 2x4 na 2x6, na hakuna programu itakayowaambia lipi ndilo la kweli.

Kufuli lenyewe si ugonjwa. Excel, faili likiwa kwenye folda ya kawaida ya mtandao, kwa kawaida haiunganishi maandishi ya watu wawili. Kila inapohifadhi, huandika kitabu kizima upya kwenye faili la muda, kisha hulibadilisha na lile la zamani. Wawili wangeruhusiwa kuandika kwa pamoja, anayehifadhi mwisho angefuta kazi yote ya mwenzake bila ujumbe wowote. Ndiyo maana anayefungua kwanza huiambia seva, yaani kompyuta yenye folda: wengine wasome tu. Mnaoona Google Sheets au Microsoft 365 ikiruhusu watu watano kuandika kwa wakati mmoja, pale faili liko kwenye huduma ya wingu inayopokea badiliko la kila seli peke yake. Folda ya pamoja ya ofisini haifanyi hivyo, hata mkinunua Excel mpya leo.

Sasa hilo faili la ~$. Kuna vitu viwili ambavyo watu huviita kufuli kwa jina moja, na mafundi wenu wamevichanganya. Kufuli halisi liko kwenye kumbukumbu ya kompyuta yenye folda, yaani ya mhasibu. Halionekani kwenye folda, na kompyuta hiyo ikizimika hufutika papo hapo. La pili ni faili dogo lililofichwa, ~$Stoo_Mbao.xlsx, lenye baiti 165. Kazi yake kubwa ni kubeba jina la aliyefungua ili mwingine aonyeshwe. Jaribu kulifuta wakati mtu amefungua kitabu: Windows itakataa, kwa kuwa Excel bado imelishika. Na likikubali kufutika, basi lilikuwa mabaki ya siku umeme ulipokatika, wala si lenyewe lililokuzuia kuandika. Kwa Excel, kwa hiyo, kulifuta hakuleti nafuu wala hakudhuru sana. Word ndiyo hudanganywa na mabaki ya namna hiyo, na LibreOffice hutegemea sana faili lake yenyewe, .~lock.Stoo_Mbao.xlsx#. Kama kuna kompyuta yenu inayotumia LibreOffice, mabaki yake yafutwe baada ya kuhakikisha hakuna aliyefungua.

Jina "User" lina maelezo mepesi. Excel haichukui jina la kompyuta. Huchukua jina lililoandikwa kwenye mipangilio yake, na fundi aliyewawekea Office kwenye kompyuta zote pengine aliacha "User" kote. Fungueni File, kisha Options, kisha General, na kwenye kisanduku cha "User name" andikeni Kaunta, Stoo, Ankara, Mhasibu, Bosi, kila kompyuta na lake. Ni kazi ya dakika moja kwa kila mashine. Nadhani baada ya hapo sehemu kubwa ya hizo kufuli hewa itapata mwenyewe: mtu aliyefungua asubuhi, akapunguza dirisha, akaenda kupima mbao uwanjani akiwa na uhakika kabisa kwamba "hakufungua".

Hatua inayofuata ni kujua kumtambua mshikaji bila kuulizana. Keti kwenye kompyuta ya mhasibu ukiwa umeingia kwa akaunti ya msimamizi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika fsmgmt.msc, kisha Enter. Utaona sehemu tatu. Kwenye "Open Files" tafuta mstari wa Stoo_Mbao.xlsx na uangalie safu ya "Open Mode". Aliyeandikiwa "Read" peke yake anasoma tu na hamzuii mtu kuandika; mwenye "Write+Read" ndiye mshikaji. Nenda kwenye "Sessions" uone anatoka kompyuta ipi na amekaa muda gani bila kugusa kitu. Ukipendelea amri, fungua PowerShell kama msimamizi uandike:

Get-SmbOpenFile | Where-Object Path -like "*Stoo_Mbao*" | Select-Object FileId, ClientComputerName, ClientUserName

Hiyo hukupa namba ya mshiko, anwani ya kompyuta na akaunti iliyotumika. Hapa kuna mtego. Kama diski Z kwenye kompyuta zote iliunganishwa kwa akaunti moja, jina litakuwa lilelile kwa kila mtu na utabaki na anwani za IP tu. Tengenezeni akaunti tofauti kwenye kompyuta ya mhasibu, moja kwa kila meza, yenye neno lake la siri, na Z ya kila mtu iunganishwe upya kwa akaunti yake.

Ukishamjua mshikaji, usikimbilie kumfungia kutoka kwenye seva. Nenda kwenye meza yake. Excel ikiwa wazi, ahifadhi, afunge. Ikiwa haionekani, bonyeza Ctrl, Shift na Esc uangalie kama bado inaendelea chinichini. Hutokea Excel ikaanguka ikabaki imeshika faili bila dirisha. Ikiwepo, imalize kutoka hapo. Kama kompyuta imezimwa au mwenye laptopu ameondoka nayo, hapo ndipo unarudi kwenye seva, unabofya kulia ule mstari na kuchagua "Close Open File", au:

Close-SmbOpenFile -FileId namba_uliyoipata

Ukimfungia mtu ambaye bado anaandika, Excel yake haitajua mpaka atakapobofya kuhifadhi. Wakati huo itamkatalia na kumtaka ahifadhi kwa jina jingine, na mtakuwa na faili la nne.

Inawezekana pia ukakuta orodha tupu huku kaunta ikiendelea kuambiwa faili limefungwa. Watu wengi huchanganyikiwa hapo, kumbe orodha ile huonyesha tu mafaili yaliyofunguliwa kupitia mtandao. Mhasibu akifungua moja kwa moja kutoka D:\Hesabu kwenye kompyuta yake, hatokei kabisa. Fungua resmon kwa njia ileile ya Windows na R, nenda kwenye kichupo cha CPU, na kwenye sehemu ya "Associated Handles" andika Stoo_Mbao kwenye kisanduku cha kutafutia. Itakuonyesha programu iliyolishika: Excel ya mhasibu, kidirisha cha kuonyesha faili upande wa kulia wa folda (Alt na P hukizima), antivirusi inayokagua, au programu ya kutengeneza nakala za akiba iliyopangwa saa nne asubuhi badala ya usiku.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa mpangilio wenu. Kompyuta ya mtu anayefanya kazi si mahali pa kuweka mali ya ofisi nzima. Mhasibu akiwasha upya kwa sababu printa imegoma, kompyuta tatu zinaangushwa. Akiondoka saa kumi na moja jioni na kuzima, kaunta inayouza hadi saa moja inabaki bila stoo. Tafuteni hata kompyuta ya zamani inayokubali Windows 11, iwekeeni SSD (diski ya kasi), iwe ya folda hiyo tu na asiikalie mtu. Windows ya Pro huruhusu hadi vifaa 20 kuunganishwa kwa pamoja, kwa hiyo kwa idadi yenu hamhitaji kununua Windows ya seva. Ila muhakikishe inayowekwa ni Windows 11, kwa kuwa Windows 10 ilifika mwisho wa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025.

Sasa nirudi kwenye karakana ya kuranda, kwa kuwa umeitaja kama jambo la pembeni na mimi naiona ndiyo chanzo cha nusu ya matatizo yenu. Mota ya randa inapoanza huvuta umeme mwingi, mara 5 hadi 7 ya ule inaotumia ikishashika kasi. Mkiwa kwenye laini moja, volti hushuka kwa muda mfupi sana. Taa zinapepesa na watu wanaendelea na kazi. Kompyuta yenye pawa saplai nzuri huvumilia. Swichi ndogo ya plastiki yenye adapta nyepesi haivumilii: hujizima na kujiwasha. Kwa sekunde kadhaa kompyuta zote zimekatika na seva, na kwenye skrini hakuna aliyegundua.

Windows za sasa zimejiandaa kwa hilo. Kompyuta ya stoo ikipotea ghafla, seva huweza kuitunzia mshiko wake kwa muda, na mtandao ukirudi stoo huendelea kama hakuna kilichotokea. Lakini kama katikati ya hapo kaunta imeomba faili lilelile, seva huona kwamba mwenye mshiko hayupo na yupo anayeuhitaji, hivyo humpa kaunta. Excel ya stoo bado iko wazi, ina idadi mpya zilizoandikwa, na mwenye nayo anaamini ndiye mmiliki. Atakuja kujua saa sita akitaka kuhifadhi. Huyo ndiye anayeapa kwamba alifungua kwanza, na anasema kweli.

Kupima ni rahisi. Mtu mmoja asimame akitazama taa za swichi wakati randa inawashwa. Taa zote zikizimika na kuwaka kwa pamoja, mmempata mwizi. Dawa ni UPS, yaani betri ya akiba, hata ndogo ya VA 650, iliyobeba swichi, rauta na ile kompyuta yenye folda. Msiunganishe printa ya leza kwenye UPS hiyo. Ikipasha moto huvuta umeme mwingi na itaiangusha. Swichi pekee itakaa muda mrefu kwa betri, kompyuta itapata dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Mkiwa hapo, fungueni pia kifuniko cha kompyuta hiyo mpulize. Vumbi la mbao huziba feni na mashine yenye joto kali huganda, nayo ikiganda inakuwa imegandisha wote.

Kebo ya kwenda stoo iangaliwe. Kebo ya shaba ya mtandao isizidi mita 100, na ikipita nje kati ya majengo mawili ni njia ya radi kuingia. Kwa huku kwetu, kuanzia Novemba hadi Aprili radi si jambo la kubahatisha. Mlango mmoja wa swichi uliounguzwa nusu unaweza kuendelea kuwasha taa huku ukipoteza data. Hamisha kebo ya stoo kwenye mlango mwingine wa swichi kwa siku moja uone kama hali inabadilika. Kati ya majengo, kwa muda mrefu, wekeni kebo ya faiba.

Kulala kwa kompyuta nako kuna sehemu yake. Windows, ili kuongeza kasi, humruhusu aliyefungua faili peke yake kulifanyia kazi kwenye kumbukumbu ya kompyuta yake, kama karani aliyeruhusiwa kwenda na leja mezani kwake mradi akiitwa airudishe. Mtu wa pili akija, seva humwita wa kwanza arudishe alichoandika. Wa kwanza akiwa amelala, yaani skrini imezima na kompyuta imejipumzisha, hajibu, na seva humngoja kwa sekunde zipatazo 35. Ndiyo ile hali ya kubofya faili na duara likazunguka zaidi ya nusu dakika kabla ya ujumbe kuja. Kwenye kompyuta zote za mezani wekeni "Sleep" iwe "Never" saa za kazi. Skrini pekee ndiyo izime. Kwenye kompyuta yenye folda, ingieni Device Manager, chagueni kadi ya mtandao, na kwenye "Power Management" ondoeni alama kwenye ruhusa ya Windows kuizima ili kuokoa umeme.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kwa macho. Andika amri ya net use kwenye kila kompyuta uangalie njia. Kama Z imeunganishwa kwa \\MHASIBU\Hesabu na kuna njia ya mkato kwenye skrini inayokwenda \\192.168.1.10\Hesabu, Windows huzichukulia kama seva mbili tofauti. Mtu anaweza kulifungia faili yeye mwenyewe: amelifungua kupitia Z, akabofya njia ya mkato, akaambiwa linatumika. Chagueni njia moja, ya jina, muifute nyingine, na kompyuta yenye folda ipewe anwani isiyobadilika kwenye rauta.

Kwa upande wa bosi na Makambako: asifungue faili kupitia VPN. Programu zinazofungua folda za mtandao hutuma maswali mengi madogo ya kwenda na kurudi, na kwenye intaneti ya simu kila swali hungoja. VPN ikikatika njiani, seva haijui mara moja kwamba mtu ameondoka, kwa sababu hakuna kebo iliyochomolewa upande wake. Mshiko hubaki mpaka itambue muunganisho umekufa. Wakati mwingine muda mfupi, wakati mwingine dakika kadhaa. Na bosi akikatiwa katikati ya kuhifadhi, faili linaweza kuharibika. Suluhisho ni aendelee na VPN, lakini aitumie kuingia kwa Remote Desktop kwenye kompyuta iliyoko Mafinga na kufungua faili kutoka hapo. Kinachosafiri ni picha ya skrini tu. Intaneti ikikatika, Excel inabaki wazi Mafinga na anaikuta alipoiachia. Windows ya Pro humruhusu mtu mmoja kwa wakati, kwa hiyo iwe kompyuta isiyokaliwa na mtu. Na asitokee fundi akawafungulia mlango 445 (wa folda za mtandao) au 3389 (wa Remote Desktop) wa rauta ili "kurahisisha". Hiyo ni kuiweka folda yenu uwanjani kwa kila mwenye nia mbaya duniani.

Ule ushauri wa kuzima kufuli za mtandao unatokana na maelekezo ya zamani ya kuandika EnableOplocks kuwa 0 kwenye sajili ya Windows. Badiliko hilo linahusu SMB1 tu, toleo la kale la lugha ambayo Windows hutumia kwa folda za mtandao. Windows zenu zinatumia SMB2 na SMB3, hivyo haligusi kitu. Fundi akishaona halifanyi kazi, hatari ni kwamba atapendekeza kuwasha SMB1. Kataeni. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilienea kupitia kasoro ya SMB1, na tangu mwaka huohuo Microsoft iliacha kuiweka kwenye Windows mpya.

Kama mnaona mafaili ya ajabu yenye herufi na namba nane bila kiambishi kama .xlsx yakijaa kwenye folda, ni dalili ya ruhusa zilizowekwa nusu. Excel inapohifadhi hutengeneza faili la muda la namna hiyo, kisha inahitaji haki ya kufuta na kubadilisha jina. Mtu aliyepewa haki ya kuandika bila kufuta atashindwa mwishoni. Wote wanaoandika wapewe "Modify" kwenye usalama wa folda na "Change" kwenye ushirikishaji. Kati ya hizo mbili, iliyo kali zaidi ndiyo hutawala. Kisha zimeni nakala za nje ya mtandao ambazo laptopu ya bosi inaweza kuwa inazitunza kimyakimya, kwa amri hii kwenye kompyuta yenye folda:

net share Hesabu /cache:none

Sasa yale mafaili matatu. Chagueni jioni moja baada ya kufunga. Nakilini yote matatu kwenye flashi kwanza. Chagueni moja liwe kuu, kwa kawaida lile lenye miamala mingi ya karibuni, na mawili yahamieni kwenye folda iitwayo Migongano ili asiyafungue mtu kwa bahati mbaya. Fungueni kuu na nakala moja kwa pamoja kwenye Excel ileile. Kwenye nakala, safu iliyo tupu, kama namba za risiti ziko safu A ya karatasi ya Mauzo, andikeni:

=COUNTIF([Stoo_Mbao.xlsx]Mauzo!$A:$A,A2)

Iburuteni hadi chini. Kila penye 0 ni risiti ambayo haimo kwenye faili kuu. Chujeni hizo, zithibitisheni na kitabu cha risiti, ndipo muziingize. Faili kuu lisifungwe wakati wa kazi hiyo, maana COUNTIF haisomi kitabu kilichofungwa na itawapa #VALUE!. Njia hii haioni risiti iliyopo pande zote mbili lakini yenye idadi tofauti. Hizo zitafutwe kwa kulinganisha jumla za kila siku. Kisha, na hili halina njia ya mkato, hesabuni mbao uwanjani kabla ya kufungua kesho yake. Salio la kwenye karatasi likitofautiana na lililopo, lililopo ndilo la kweli.

Mkishafanya hayo yote, bado kitabu kimoja kitaandikwa na mtu mmoja kwa wakati. Mna njia kadhaa na nitasema ninavyoziona. Nafuu kabisa ni kukigawa: kaunta na kitabu chake cha mauzo, stoo na chake cha kupokea, na mhasibu na kitabu kinachovuta kutoka hivyo viwili kwa Power Query, chombo cha ndani ya Excel cha kuvuta data. Kitasoma hali ya mara ya mwisho waliohifadhi, hata kama wao bado wamefungua. Mkivuta folda nzima, wekeni kichujio cha kuacha majina yanayoanza na ~$, la sivyo kila mtu akiwa kazini itatoa kosa. Njia hii ningeianza wiki hii.

Microsoft 365 au Google Sheets zitawaruhusu kuandika pamoja na zitamtatulia bosi suala la Makambako, ila siku intaneti ikilala kaunta italala nayo. Mkiichagua, faili likae kwenye wingu tu. Msichukue folda inayosawazishwa ya OneDrive au Google Drive kwenye kompyuta ya mhasibu mkaishirikisha tena kama Z. Hapo mnakuwa na mifumo miwili isiyojua kufuli za mwenzake, na nakala za migongano zitazaliana kuliko sasa. Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, nayo inawezekana kama data itakaa kwenye seva na kila kompyuta ikawa na fomu zake, wote wakiwa kwenye kebo. Kwa Wi-Fi au VPN inaweza kuharibika vibaya.

Kwa biashara inayouza kila siku kwa jumla, ukweli ni kwamba mmeshaizidi Excel. Programu ya stoo yenye hifadhidata hufunga mstari mmoja wa bidhaa kwa sehemu ya sekunde, haifungi kitabu kizima, kwa hiyo kaunta na stoo hawagongani. Itawagharimu pesa na wiki kadhaa za kuingiza bidhaa na kufundisha watu. Msiinunue kabla ya kurekebisha umeme na kebo, kwa kuwa swichi inayojizima itaikata nayo pia.

Kuna mambo ambayo hayafai kumalizwa kwa maelekezo ya kusoma. Ingia Event Viewer, Windows Logs, System, kwenye kompyuta yenye folda. Ukiona makosa ya "disk" yenye namba 7 au ya "Ntfs" yenye namba 55, diski inaelekea kufa au mpangilio wake wa mafaili umeharibika. Msiendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, kabla ya kunakili kila kitu, kwa kuwa kwenye diski mbovu inaweza kuimalizia. Excel ikianza kusema imekuta hitilafu kwenye yaliyomo na kuomba kurekebisha, zaidi ya mara moja kwa wiki, iteni fundi. Na mkikuta mafaili yamebadilika viambishi na kuna barua ya kudai pesa, chomoeni kebo ya mtandao ya kila kompyuta papo hapo, msilipe, msifute kitu, na mtafute mtu mwenye uzoefu wa usalama wa kompyuta.

Fundi wa Iringa au Mbeya akija, aje na kipima kebo, na mumwonyeshe tarehe na saa za kila tukio, kompyuta iliyoonyeshwa na fsmgmt kila mara, na kama randa ilikuwa ikifanya kazi. Wiki moja ya kumbukumbu hizo itamwokolea siku nzima ya kubahatisha. Kabla hajagusa chochote, nakala ya folda yote ya Hesabu iwe kwenye diski ya nje ambayo imeshachomolewa.